Kitukuu wa Muthoni wa Kirima na albamu ya mayowe

Mara ya kwanza kuisikiliza The Adept nilikuwa kwenye matatu kutoka Nairobi kuja Nyeri, kiti cha nyuma kabisa, gunia la mitumba la mtu fulani likinibana magoti. Tulikuwa tumepita Makutano tukielekea Sagana. Hedifoni zangu ni zile za bei ya chipsi, waya ukisonga kidogo tu simu inasahau kwamba kuna kitu kimechomekwa. Waya ukasonga.

Sasa hebu fikiria: gari zima liko kimya, watu wamesinzia, halafu ghafla kunatoka sauti ya mtu anayenguruma kama amefungiwa ndani ya pipa la mafuta, na chini yake ngoma zinakimbia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mama aliyeketi mbele yangu hata hakugeuka. Alisema tu, kwa ile sauti ya kesha, "Ashindwe!" Mwingine akamalizia, "Riswa!" Mimi nahangaika na simu, kioo kimepasuka, kidole kinateleza, mayowe yanaendelea. Makanga akanitazama kutoka mlangoni.

"Buda, hiyo kitu ni nini? Kuna watoto hapa."

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo kitu ni ya kwetu. Kwamba imetengenezwa kwa kumbukumbu ya cucu mmoja wa Nyeri ambaye karibu kila mtu ndani ya lile gari anamjua kwa jina. Lakini si unajua vile mtu hukosa maneno akitazamwa na matatu nzima. Nilizima. Dereva akaweka mugithi, watu wakarudi kulala, na mimi nikakaa na jibu langu hadi Karatina, hadi Nyeri, hadi leo.

Kwa hivyo makanga, popote ulipo, jibu ndilo hili.

Huyo anayepiga mayowe anaitwa Lord Spikeheart. Jina lake la kawaida ni Martin Khanja. Mwaka wa 2019 yeye na mwenzake Sam Karugu waliunda kundi la watu wawili tu, likaitwa Duma. Wote walikuwa wametoka kwenye bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Kama hujui metali ni nini, ni ile roki nzito, gitaa zinazosaga kama posho mill na mwimbaji ambaye haimbi, ananguruma. Hao wawili walivuka mpaka wakaenda Kampala, wakarekodi kwa watu wa Nyege Nyege, na Agosti 2020, wakati sisi sote tumefungiwa na kafyu ya corona, albamu yao ikatoka.

Jina hilo linafaa tulizungumzie kidogo. Ukiwa mtu wa Kiswahili, duma ni yule mnyama wa mbio. Wao walimaanisha giza, kutoka Kikuyu. Na hapa kwetu Nyeri ukisema nduma, mtu wa kwanza atakuuliza chai iko wapi. Matamshi si sawa, cucu wako atakurekebisha haraka sana, lakini kwenye meseji ya simu giza na mizizi ya kuchemsha zinaandikwa sawa. Siku ya kwanza kusikia kuna bendi ya metali inaitwa hivyo nilidhani ni mzaha wa vijana wa Mukurwe-ini.

Haikuwa mzaha. Ndani ya albamu hiyo kuna wimbo unaitwa Pembe 666, na unaweza kukisia vile jina kama hilo linapokelewa katika nyumba yenye kalenda ya kanisa ukutani. Kufikia 2022 Duma walikuwa wametoa nyimbo mbili kupitia Sub Pop, lebo ya kule Seattle, Marekani, ambayo mwaka wa 1989 ilitoa albamu ya kwanza ya Nirvana. Nirvana, wasee. Wale wa fulana zinazouzwa Gikomba na watu ambao hawajawahi kusikia hata wimbo mmoja.

Halafu Aprili mwaka wa 2024 Spikeheart akatoka peke yake na The Adept. Hakumpelekea mtu mwingine. Alianzisha lebo yake mwenyewe na kuiita Haekalu. Neno unalijua, ni hekalu, limechorwa tu upya. Amealika wageni wengi: Backxwash, rapa aliyezaliwa Zambia na anayeishi Kanada, Fatboi Sharif wa New Jersey, Scotch Rolex, yule Mjapani wa mashine za midundo. Na albamu yote ameitoa kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, anayesema yeye ni kitukuu chake: Fildimashali Muthoni wa Kirima.

Hapo ndipo niliacha kuongea na kuanza kusoma.

Sisi wa hapa tumekua na Muthoni kama vile mtu hukua na kilima. Unajua kiko pale, hukitazami. Kwenye vitabu vya shule alikuwa sentensi moja baada ya Kimathi. Kwenye runinga alikuwa yule mzee mwenye nywele ndefu kuliko yeye mwenyewe, anayeitwa kila Oktoba 20 au Desemba 12 kuketishwa kwenye hema, kupigwa picha na mheshimiwa, kisha kurudishwa nyumbani.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Muthoni alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, ameolewa. Alianza kwa kupeleka chakula na habari kwa wapiganaji, kisha akamfuata mumewe msituni. Hakukaa wiki mbili. Alikaa hadi uhuru. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti Februari 18, 1957, na Muthoni bado alikuwa msituni. Hali ya hatari ikaondolewa 1960, bado yuko. Alitoka mwisho wa 1963, bendera ikiwa imeshapanda. Ruring'u, pale ambapo leo tunaenda kuona mpira na mikutano ya siasa, ndipo wapiganaji walipokusanyika Desemba hiyo kukabidhi silaha. Ndiye mwanamke pekee anayejulikana kufikia cheo cha fildimashali katika Mau Mau. Kimathi alikuwa akimwita Nyina wa Thonjo, mama wa wale ndege wanaosuka viota, kwa sababu ya vile alivyojua kusuka mipango.

Nywele hazikukatwa. Alizifuga tangu msituni na akaendelea kuzifuga miaka ya Kenyatta, ya Moi, ya Kibaki, ya Kenyatta wa pili, kwa sababu uhuru aliopigania hakuwa ameuona ukifika. Nadhani hilo ndilo jambo la metali zaidi ambalo mtu yeyote wa Nyeri amewahi kufanya. Karibu miaka sabini unatembea na lalama juu ya kichwa chako, kila mtu anaiona, na huhitaji kusema neno.

Aprili 2, 2022, Mama Ngina Kenyatta alikuja akamkata nywele hizo. Mtandaoni kulichafuka siku hiyo. Kuna waliosema ni baraka, mzee mwenyewe ameridhia, nyinyi mnataka nini? Kuna waliouliza kwa nini akatwe na familia hiyo hasa, miezi minne kabla ya uchaguzi. Mimi nilikuwa upande wa pili, na bado niko, ingawa najua kichwa kilikuwa chake na si changu. Mwaka mmoja na miezi mitano baadaye, Septemba 2023, Muthoni akafariki akiwa na miaka 92.

Miezi saba baada ya mazishi, hii albamu.

Nisikudanganye, si albamu rahisi. Nimeisikiliza labda mara kumi na tano, na kama mara sita nimeizima katikati. Kuna mahali midundo ni ya mashine, inagonga kama jenereta inayokataa kuwaka. Kuna mahali inakuwa kama trapu, halafu inavunjika. Sauti yake inashuka hadi pale ambapo unaisikia kwa kifua kuliko kwa masikio, kisha inapanda juu hadi inakuwa kama chuma kinachokatwa Kariobangi. Maneno mengi hayashikiki. 4AM in the Mara ni ule wimbo ambao jina lake pekee linakutoa nyumbani, saa kumi alfajiri porini, na sikushauri uusikilize ukiwa unarudi plotini peke yako. TYVM na Sham-Ra ndizo nilizozirudia sana. Ukizicheza kwenye spika ya simu unapata takataka tupu. Tafuta hedifoni za mtu mwenye pesa.

Na ina makosa. Wageni ni wengi mno, wakati mwingine unajisikia uko kwenye karamu ambayo mwenye nyumba amepotea. Pia ukiisikiliza bila kuambiwa chochote, hutajua ni ya nani. Hakuna hadithi ya msitu iliyopangwa vizuri, mwanzo hadi mwisho. Hilo liliniudhi sana mwanzoni. Nilikuwa nataka niimbiwe Muthoni. Nilitaka jina lake, mwaka wake, mlima wake, labda na gicandi kidogo nyuma ili mtalii ajue tuko wapi.

Rafiki yangu wa Nanyuki ndiye aliyenitoa hapo, bila kukusudia. Tulikuwa tunazungumza kuhusu matanga. Yeye mamake ni Mluhya, babake Mkikuyu, kwa hivyo amezika pande zote mbili. Akasema, "Nyinyi watu wa Nyeri mnazika kama mnafunga mkutano wa chama." Ni kweli. Kwetu msiba una ratiba iliyochapishwa kwa rangi. Saa nne maombi, saa tano wasifu, saa sita salamu za viongozi, saa saba mwili unashuka, saa nane pilau. Anayelia anashikwa mkono na kupelekwa kando taratibu, kama ameangusha sahani. Magharibi huko watu wanalia hadi ng'ombe wanajua kuna kifo. Sisi tunasema ni mapenzi ya Mungu na tunauliza hema zinarudishwa saa ngapi.

Hapo kitu kikanibonyeza. Hotuba za Muthoni zilishatolewa. Serikali ilihutubu, magavana walihutubu. Kile ambacho hakuna mtu alikitoa ni yowe. Nikarudi kuisikiliza albamu nikiwa na hilo kichwani, na kwa mara ya kwanza sikutafuta maneno.

Nikumbushe pia kwamba hapa Nyeri hofu ya muziki wa aina hii haikuanza na mama wa matatu. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, na aliyepewa kuiongoza alikuwa askofu mkuu wa hapa hapa Nyeri, Nicodemus Kirima. Majina yanafanana, usichanganye. Ripoti ilitolewa hadharani 1999. Sisi tuliozaliwa miaka hiyo tulikulia kwenye mabaki yake: usiokote pesa barabarani, usikubali lifti ya mtu mwenye kucha ndefu, na gitaa ikilia vibaya, zima.

Najua hili kwa sababu niliwahi kuwa na bendi. Usicheke. Tulikuwa watatu, mwaka ule nilipoacha chuo (karo, mwaka wa pili, hadithi ndefu ambayo si ya leo). Tulikuwa na nyimbo nne na nusu. Tulifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya duka la nafaka Karatina, magunia ya maharagwe yakitumeza mwangwi, na kusema ukweli sijawahi kusikia gitaa ikilia vizuri kama pale katikati ya magunia ya nyayo. Shida ilikuwa ngoma. Seti ya ngoma katika mji mdogo wa mlima unaipata mahali pamoja: kanisani. Mpiga ngoma wetu alikuwa na ufunguo. Tuliruhusiwa Jumanne na Alhamisi, hadi Alhamisi moja mtu wa kamati akapita wakati tunajaribu wimbo wa tatu. Hakupiga kelele. Alingoja tumalize, akauliza, "Hii ni ya kumsifu nani?" Hatukuwa na jibu. Ufunguo ukarudi.

Tungeenda wapi baada ya hapo? Klabu zote kuanzia Chaka hadi Nanyuki zinataka mtu mmoja, gitaa moja, kinanda chenye midundo ndani yake. Si kwamba watu hawapendi bendi. Ni hesabu: mwenye klabu analipa mtu mmoja badala ya watano. Hivyo ndivyo mugithi ya gitaa moja ilivyoenea miaka ya tisini, na wazee kama Mike Rua wakaigeuza kuwa kitu cha kwetu kabisa, kitu ambacho hata mimi nikisikia ile treni inaanza kuzunguka ukumbini naishika mabega ya mtu aliye mbele. Siipigi vita mugithi. Nasema tu kwamba mlango ni mmoja, na ni mwembamba.

Ndiyo maana nikisoma kuhusu Spikeheart huwa namkumbuka pia Joseph Kamaru. Si yule unayemfikiria kwanza. Yule mkubwa, wa Kangema, Murang'a, aliyeimba siasa na mapenzi na kuonya serikali kwa miongo mingi, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake ana jina lile lile, ndivyo Wakikuyu tunavyofanya, na kwenye muziki anajiita KMRU. Julai 2020, mwezi mmoja tu kabla ya albamu ya Duma, alitoa Peel. Ukiicheza utadhani umeme unapita ukutani. Hakuna maneno. Hakuna gitaa ya guka. Sauti tu za mbali zinazojikunja polepole kwa dakika kumi na zaidi. Lakini huyo huyo ndiye ambaye amekuwa akizisafisha rekodi za babu yake na kuzitoa tena mtandaoni, ili wewe na mimi tuzipate bila kutegemea kaseti iliyoliwa na panya.

Mmoja ana guka aliyekuwa na maneno kuliko nchi nzima, naye amechagua kimya. Mwingine ana cucu aliyebaki kimya na nywele zake, naye amechagua mayowe. Sijui kama wawili hao wamewahi kukaa wakazungumza hayo. Mimi ningelipa kiingilio.

Tukifika kwenye pesa nitakuwa mfupi. Albamu ya mtu huru haiji na bango la barabarani. Unaipata YouTube ukitumia bando, lakini kule msanii anapata makombo. Bandcamp ndiko unakoinunua, na wao hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya albamu za kupakua, kinachobaki, ukiondoa ada za malipo, kinaenda kwa mwenye kazi. Tatizo ni kwamba huwezi kutuma kwa namba ya simu tu kama unavyolipa boda; unahitaji kadi au PayPal. Nilimsumbua binamu mmoja mwenye kadi hadi akanunua ili nimwachie amani. Nilimrudishia kwa M-Pesa. Bado nina deni lake la ada ya kutuma.

Halafu ikaja Juni.

Sitaki kuandika tena mambo ya Juni 25, yameandikwa na waliokuwa Bungeni. Sisi tulikuwa hapa. Vijana walijaa mjini Nyeri, na Nanyuki, na Karatina, watu ambao sijawahi kuwaona wakikubaliana hata kuhusu timu ya mpira. Nilikuwa Kimathi Way na filimbi na bendera ya shilingi mia. Kuna wakati nyimbo ziliisha. Tulikuwa tumeimba kila kitu tunachojua, hata zile za shule ya Jumapili, na moshi wa machozi ukaanza kuingia kutoka upande wa steji, na yule msichana niliyekuwa naye akafungua mdomo akatoa sauti tu. Haikuwa neno. Watu wa kando yake wakaichukua. Kwa kama nusu dakika barabara iliyopewa jina la Kimathi ilikuwa inatoa sauti moja isiyo na herufi hata moja ndani yake.

Usiku ule sikulala. Niliweka hedifoni, nikaanza The Adept mwanzo, na sikuizima.

Wiki mbili baadaye nilienda kumwona cucu, kule juu karibu na msitu wa Aberdare, mahali ambapo simu inapata mtandao ukisimama kwenye mti wa parachichi tu. Mimi nina jina la guka, kwa hivyo cucu ananiita mume wake. Nikifika ananiuliza nimemletea nini na kwa nini nimekonda, ananikumbusha kwamba mume wa kwanza hakuwa anapotea miezi miwili.

Cucu alikuwa msichana mdogo mwaka wa 1954, wakati serikali ya mkoloni ilipoanza kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kuwafungia kwenye vijiji vyenye handaki na walinzi. Zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya mia nane. Hizi ni hesabu za vitabuni. Yeye mwenyewe hajawahi kunisimulia. Ukimuuliza anasema, "Kijijini kulikuwa na baridi," basi. Hata mwaka wa 2013, Uingereza ilipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa, majirani walikuja na karatasi za kujaza, akawapa chai na kuwarudishia karatasi zao. Kumbuka hadi 2003 Mau Mau lilikuwa bado kundi haramu kwa sheria ya mkoloni. Mtu amefundishwa kunyamaza kwa miaka hamsini, humwambii Jumatatu moja kwamba sasa ongea.

Sikuwa na mpango wa kumchezea. Nilikuwa jikoni nikipuliza moto, simu iko juu ya meza, na safari hii nilikuwa nimeichomoa hedifoni makusudi kwa sababu nilidhani yuko shambani. Akaingia na sufuria ya maharagwe. Nikaruka kuzima.

"Wacha," akasema.

Akaketi kwenye kile kigoda chake. Akasikiliza wimbo mzima, mikono imelala mapajani, kama anasikiliza matangazo ya vifo Inooro. Nilikuwa nangoja ashindwe, nangoja riswa.

"Huyu analilia nani?"

Nikamwambia. Nikasema ni kijana, anasema Muthoni wa Kirima ni cucu wa mzazi wake.

"Nyina wa Thonjo." Hakuuliza, alisema tu. Kisha akanyamaza hadi nikadhani imeishia hapo. Mimi nikaongeza kuni ambazo hazikuhitajika.

"Kijijini kulikuwa na mwanamke alilia hivyo," akasema. "Nyumba ya pili kutoka kwetu. Usiku tatu. Mama alikuwa anatuziba masikio kwa mikono yake, lakini mikono ni miwili na sisi tulikuwa wanne."

Nikauliza mwanamke huyo alikuwa nani. Nikauliza alikuwa analia nini, na usiku wa nne kulitokea nini. Niliuliza vibaya, maswali matatu kwa pumzi moja, kama mtu wa runinga.

"Maharagwe yanaungua," akasema.

Hayakuwa yanaungua, hata hayakuwa yameanza kuchemka. Akainuka, akayakoroga, akaongeza maji. Wimbo mwingine ulikuwa umeanza, Spikeheart yuko kule chini kabisa kwenye sauti yake. Cucu akaitazama simu kwa muda.

"Huyo mtoto atakauka koo," akasema. "Kwani nani anampikia?"